Kitenge au shati jeupe kwa picha ya studio?

Dada, kati ya hivyo viwili ulivyotaja, kitenge na shati jeupe, mimi ningevaa kitenge, mradi maua yake yasishindane na uso wako. Nyeupe tupu chini ya taa za studio hung'aa kupita kiasi, lesi na mishono yote inapotea. Ukiipenda sana, tafuta ya rangi ya maziwa. Mistari myembamba iliyobanana achana nayo kabisa, kwenye kamera ya dijitali huleta mawimbi ya ajabu ambayo kuyafuta ni kazi. Njano kali nayo hurudisha mwanga kidevuni, ukaonekana mgonjwa bure! Muulize mpiga picha rangi ya pazia la nyuma kabla hujapiga pasi.