Macho yawe kwenye maegesho

Mmeuliza: kijana wa miaka 19 anakunywa pombe Tijuana, Mexico, ambako umri halali ni 18, kisha anarudi California ambako ni 21. Polisi wamdhibiti vipi asishike usukani? Ningepunguza nguvu kwenye geti la mpaka na kuziongeza kwenye maegesho ya San Ysidro, kivuko cha mpaka upande wa California.

Wapo wengi wanaoacha gari upande wa Marekani, wakavuka kwa miguu na kurudi usiku wa manane. Kijana kama huyo akifika kwa afisa wa mpakani hana kosa bado. California humwadhibu aliye chini ya umri kwa kununua pombe au kukutwa nayo hadharani. Iliyokwisha ingia tumboni haimtii hatiani, isipokuwa amelewa kiasi cha kushindwa kujitunza au anaziba njia. Chupa aliyobeba atanyang'anywa, maana chini ya miaka 21 haruhusiwi kuiingiza nchini. Halafu anaachwa aende zake, funguo mfukoni.

Kosa la kuendesha huanza gari likisogea. Mahakama ya Juu ya California ilisema hivyo mwaka 1991: kukaa nyuma ya usukani huku injini ikiunguruma hakutoshi. Kwa hiyo askari aliye kwenye maegesho ana njia mbili. Anayehesabu kesi atangoja magurudumu yazunguke. Anayejali barabara atagonga kioo mapema, aulize nani hakunywa kati ya waliomo garini, na kama hakuna, waite teksi. Mimi ningempa cheo huyu wa pili, ingawa ripoti yake ya mwezi itaonekana tupu.

Likishasogea, sheria ni kali: chini ya miaka 21, kipimo cha pumzi cha barabarani kikionyesha asilimia 0.01 ya pombe kwenye damu kinatosha kumnyima leseni mwaka mzima, na kukataa kupuliza nako kuna adhabu hiyohiyo. Kwa mwenye miaka 21 au zaidi mpaka ni 0.08.

Wanaovuka mpaka na gari wana tatizo jingine, foleni ya ukaguzi. Pombe huendelea kupanda kwenye damu kwa nusu saa hadi saa moja na nusu baada ya glasi ya mwisho, hasa tumbo likiwa limejaa chakula. Aliyeingia foleni akiwa mchangamfu tu anaweza kufika kwenye dirisha la afisa wa mpaka amelewa chakari. Kazi ya maafisa wa mpaka si kesi za ulevi. Kwa kawaida humzuia dereva na kuita polisi wa California, na hapo ndipo kesi inaweza kulegea. Kipimo kikichukuliwa ndani ya saa 3 tangu kuendesha na kuonyesha 0.08 au zaidi, sheria hudhani kiwango kilikuwa 0.08 au zaidi barabarani pia. Afisa asipoandika dakika gari lilipofika dirishani, saa hizo 3 zinahesabiwa kutoka wapi? Wakili wa utetezi hataliacha swali hilo.

Kabla ya kupuliza kipimo cha ushahidi, yaani kile cha kupelekwa mahakamani, mtuhumiwa aangaliwe dakika 15 mfululizo bila kula, kunywa, kuvuta sigara wala kutapika. Akitapika, dakika hizo zinahesabiwa upya, kwa sababu pombe iliyobaki mdomoni hupandisha namba. Zichukuliwe sampuli mbili zisizopishana zaidi ya 0.02. Jaribio la kutembea hatua tisa lifanyike pakavu na tambarare, na mwenye visigino vya zaidi ya inchi 2 apewe nafasi ya kuvua viatu. Jaribio la macho, la kuona kama yanachezacheza kwa ulevi, lisifanywe akiwa ameelekea taa za gari la polisi zinazomwekamweka, kwani macho yanaweza kuchezacheza hata kwa asiyekunywa.