Mwache asome kwa sauti, ila achague

Dada, nimekuelewa: mwanao wa darasa la sita anasoma kwa sauti mpaka nyumba nzima inalalamika, na mama yako wa miaka 70 husahau kama amekunywa dawa.

Mtoto usimkataze. Mwaka 2018, Forrin na MacLeod wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walionyesha kuwa tunakumbuka zaidi maneno tuliyoyatamka wenyewe kuliko tuliyoyasikia au kuyasoma kimya. Lakini asitamke ukurasa mzima, kwani neno lililotamkwa hukaa kichwani kwa kuwa tofauti na yale ya kimya. Atamke fasili, kanuni na tarehe tu. Kisha afunge daftari akueleze kwa maneno yake, maana kukariri si kuelewa, na hapo ndipo wengi hukwama.

Wazee nao hufaidika, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko vijana. Mama aseme, "Nameza ya presha, asubuhi ya Jumanne," kisha atie alama kwenye kalenda. Akiwa na shaka, asirudie dozi kabla ya kumuuliza mfamasia. Akianza kupotea njia anazozijua, mpeleke kwa daktari mapema.