Kutoka uhasibu hadi ramani za kidijitali: chora ramani moja kwa skeli tatu

Mkuu, umeuliza mambo matatu: mhasibu anayetaka kuhamia kwenye uchoraji wa ramani aanze na programu gani, kama ni lazima ajue kuandika kodi za kompyuta (code, si kodi ya serikali), na kazi za kuwaonyesha waajiri ziweje. La programu ni jepesi. Pakua QGIS, ni ya bure na inakubali Windows, Mac na Linux. Ofisi nyingi kubwa zinatumia ArcGIS Pro, ambayo ni ya kulipia, lakini aliyeielewa QGIS akihamia huko anakuta dhana ni zilezile, vitufe tu ndivyo vimehama. Usipoteze hata siku mbili kuzilinganisha.

Kinachowakwamisha wengi ni kingine. Ramani huharibika kwenye data, kabla rangi hata moja haijachaguliwa. Na hapo mtu aliyezoea kulinganisha vitabu hadi hesabu zikubaliane ana faida ambayo mbunifu wa picha hana.

Chukua kosa ambalo karibu kila anayeanza hulifanya. Una data za OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ziko kwenye mfumo wa koordineti EPSG:4326, yaani latitudo na longitudo kwa digrii. Unataka kuchora ukanda wa mita 500 kuzunguka kila kisima. Unaandika 500, programu inachukulia ni digrii 500, ramani yote inafunikwa na duara moja kubwa. Unaambiwa ubadilishe mfumo uwe wa mita, basi unabofya leya, yaani tabaka la data, kwa kitufe cha kulia na kuchagua mfumo mwingine. Leya inatoweka. Sababu ni kwamba amri ile haibadilishi namba zilizomo kwenye faili, inabadilisha lebo tu, kama kufuta neno dola kwenye hati na kuandika euro bila kugusa kiasi. Unachotakiwa ni amri nyingine, ile inayotengeneza leya mpya yenye koordineti zilizokokotolewa upya. Kwa eneo dogo chagua kanda ya UTM inayolihusu: dunia imegawanywa kanda 60, kila moja upana wa digrii 6, na vipimo vyake ni mita.

Dalili nyingine za kuzijua mapema. Nukta zikirundikana baharini kwenye Ghuba ya Guinea, pale latitudo 0 na longitudo 0 zinapokutana, kuna seli tupu zilizosomwa kama sifuri. Zikitua bara jingine kabisa, umegeuza X na Y. X ni longitudo, hata kama mazoea ya ulimi ni kutaja latitudo kwanza. Ukiunganisha jedwali la takwimu na mipaka ya wilaya, kisha wilaya tisa za kwanza zikabaki tupu, angalia misimbo: kwenye mipaka imeandikwa 01, kwenye jedwali programu ya lahajedwali imekula sifuri ikabaki 1. Hesabu safu kabla na baada ya kuunganisha, kila mara. Na hifadhi kazi zako kwenye faili za aina ya GeoPackage badala ya zile za shapefile, kwa kuwa shapefile hukata majina ya safuwima yakizidi herufi 10, na ni kundi la mafaili kadhaa ambalo likipotea moja tu mengine hayafunguki vizuri.

Sasa ubunifu wenyewe. Zoezi ninalolipendekeza kuliko kozi yoyote ni hili: chagua eneo moja lenye mto, barabara, reli na vilima, ulichore kwa skeli ya 1:50,000, kisha 1:250,000, kisha 1:1,000,000. Karatasi ukubwa uleule, data zilezile.

Kwenye 1:50,000, milimita moja ni mita 50, kwa hiyo barabara ya upana wa mita 10 ingekuwa mstari wa milimita 0.2. Inaonekana. Kwenye 1:250,000 barabara hiyo ingekuwa milimita 0.04, jicho halioni kitu. Unaichora kwa milimita 0.4, yaani umeipa upana wa mita 100 ardhini. Hapo ndipo kazi inapoanza. Tuseme mto, reli na barabara vinapita sambamba kwenye bonde la upana wa mita 200. Mistari mitatu ya milimita 0.4 na nafasi mbili za milimita 0.2 katikati yake ni milimita 1.6, sawa na mita 400. Haienei bondeni. Mto unaubakisha mahali pake kwa sababu vilima vinaufuata, reli unaisogeza kidogo, barabara unaisogeza zaidi, na madaraja unahakikisha yanabaki upande sahihi. Ukifika 1:1,000,000, milimita zilezile 1.6 ni mita 1,600. Hapo husogezi tena. Kimoja kinaondoka, na wewe ndiye unayeamua kipi, kulingana na ramani inamhudumia nani. Hakuna kitufe cha uamuzi huo, na mwajiri anayeijua kazi ataangalia hapo kwanza.

Ukipunguza vipinda vya mistari, chukua milimita 0.2 ya ramani kama kiwango cha kuanzia, ambacho kwenye 1:250,000 ni mita 50. Ila ukilainisha mipaka ya maeneo yanayopakana, kila poligoni, yaani umbo la eneo moja, ikilainishwa peke yake utapata nyufa na mwingiliano katikati yao. Tumia programu ya mapshaper, ambayo inautambua mpaka wa pamoja kama mstari mmoja.

Majina hula muda mwingi kuliko kitu kingine chochote, na ramani nyingi za wanaoanza zinaumbuka hapo. Jina la mji liweke juu kulia kwa alama yake kwanza. Pakiwa na msongamano ndipo ujaribu pande nyingine. Jina la mto liwe la italiki, rangi ya buluu iliyokolea kidogo kuliko mto wenyewe, lifuate mkunjo na likae juu ya mstari. Ukungu unaozunguka herufi uupe rangi ya ardhi iliyo chini yake, na uwe mwembamba. Ukungu mweupe mnene unaifanya ramani ionekane imebandikwa karatasi za gundi. Familia mbili za fonti zinatosha. Chini ya pointi 6 usishuke kwenye karatasi, na tofauti kati ya ukubwa mmoja wa herufi na mwingine ionekane bila kuitafuta: 7, 9 na 12 inaeleweka, 8, 8.5 na 9 haieleweki.

Ramani za takwimu ndiyo njia yako fupi kwa sababu namba unazijua. Sharti la kwanza: eneo usilipake rangi kwa idadi ghafi. Idadi ya maduka kwa wilaya itakuonyesha tu wilaya zipi zina watu wengi. Gawanya kwa wakazi au kwa kilomita za mraba. La pili ni namna ya kupanga madaraja, yaani makundi ya thamani yanayopewa rangi moja. Tuseme una maeneo kumi yenye thamani 2, 3, 4, 4, 5, 6, 7, 9, 11 na 50. Ukiyagawa kwa madaraja matano ya upana sawa, kila moja lina 9.6, na maeneo tisa yanaingia daraja la kwanza. Ramani yote ni rangi moja na doa. Ukigawa kwa idadi sawa, mawili kila daraja, 11 na 50 vinavaa rangi ileile kana kwamba ni ndugu. Zote mbili ni sahihi kihesabu na zote mbili zinapotosha. Kwa data hizi ningeweka mipaka kwa mkono, 50 ikae peke yake, na ufunguo wa ramani uonyeshe mipaka hiyo wazi. Rangi chukua kwenye ColorBrewer, zana ya mtandaoni ya Cynthia Brewer, ambayo ina chaguo la rangi salama kwa wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Kama ramani inalinganisha ukubwa wa nchi, achana na projeksheni (namna ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa) ya Web Mercator, EPSG:3857, hata kama ndiyo inayokuja na ramani za mtandaoni. Kwenye latitudo ya 60 inakuza eneo mara nne ikilinganishwa na ikweta. Projeksheni ya Equal Earth ya mwaka 2018 inatunza uwiano wa maeneo na haichukizi macho.

Kivuli cha vilima: mwanga utoke kaskazini magharibi, azimuthi (mwelekeo wa dira) 315, na kimo cha jua cha digrii 45 juu ya upeo. Ukiutoa kusini mashariki, macho ya wengi yatasoma mabonde kama matuta. Data ya mwinuko ikiwa kwenye mfumo wa digrii huku urefu wa vilima ukiwa kwa mita, kivuli kitatoka cheusi na chakavu, kwa hiyo igeuze iwe ya mita kwanza. Halafu kumbuka kwamba ukichanganya rangi za leya kwa kuzidisha, QGIS inaweza kuigeuza ramani yote kuwa picha ya pikseli wakati wa kutoa PDF. Weka angalau pikseli 300 kwa inchi, la sivyo majina yatatoka na meno.

Kuhusu kodi za kompyuta: miezi ya mwanzo hutazihitaji. Anza na fomula ndani ya QGIS, ambazo kwako zitafanana na za lahajedwali, kisha SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, na PostGIS, inayoongeza data za ramani kwenye hifadhidata, kisha lugha ya programu ya Python pale utakapochoka kurudia kazi ileile mara arobaini. Lugha ya JavaScript na maktaba yake ya ramani, MapLibre, ni kwa anayetaka ramani za mtandaoni. Huko hesabu ni nyingine: kwenye kiwango cha ukuzaji 0 dunia ni kigae kimoja, yaani kipande kimoja cha mraba cha ramani, kila kiwango kinazidisha mara nne, kiwango cha 10 ni vigae 1,048,576. Ndiyo maana mtindo hupangwa kwa kila kiwango, na ndiyo maana zoezi la skeli tatu linakuandaa kuliko kozi ya kuandika kodi.

Kazi za kuonyesha ziwe nne au tano: zile skeli tatu zikiwa pamoja, ramani ya takwimu kutoka fani unayotoka, moja ya vilima, moja ya mtandaoni ukiiweza. Fani ya zamani usiifiche. Kampuni ya bima au ya usafirishaji inamhitaji mtu anayeelewa namba zake kuliko anayejua vitufe vyote. Chini ya kila ramani andika mistari mitatu: data imetoka wapi na ya mwaka gani, projeksheni ipi na kwa nini, umeacha nini nje. Data za Natural Earth, hazina ya bure ya data za ramani za dunia, hazidai kutajwa, za OpenStreetMap zinadai, na jina lao liwe juu ya ramani yenyewe au pembeni yake, mahali msomaji analiona.