Kutembea siku moja bila gari, uone ndege na wanyama

Kama huna gari na unataka kurudi Nairobi jioni, mimi ningeenda Hell's Gate, mbuga ya wanyama karibu na Naivasha. Vilima vya Ngong vina mandhari poa lakini wanyama ni wachache. Panda matatu ya Naivasha asubuhi mapema kabisa, ukishuka chukua ingine ya kando ya ziwa ikuache njia panda ya Elsa Gate, geti la kuingia mbugani. Getini hawachukui keshi, so lipa kwa simu. Ndani unaruhusiwa kutembea ama kukodi baiskeli, twiga na punda milia wako hapo tu karibu na barabara, na ukifika kwa majabali inua macho, tumbusi wanajenga viota huko juu, beba darubini. Nyati usiwazoee. Na ukiwa ndani ya korongo, lile bonde jembamba la mawe, mawingu yakianza, toka haraka, mafuriko huja ghafla na yashaua watu.