Toyota Hilux Surf LN130 iliyoua injini yake ya 2L-TE: funga 5L

Kama Surf yako imepasua hedi ya 2L-TE na unachagua kati ya injini mbili za dizeli za Toyota, weka 5L yenye pampu ya dizeli ya kawaida, isiyo ya umeme, achana na 1KZ-TE. 5L ni ukoo mmoja na 2L, kwa hiyo inakaa kwenye giaboksi uliyonayo bila kuchonga chochote. 1KZ-TE ina nguvu zaidi, ila inadai kontrolboksi yake (kompyuta ya injini), waya zake na fundi wa umeme anayeijua vizuri. Joto likizidi, silinda hedi ya 1KZ-TE nayo hupasuka kama hiyo 2L-TE yako.

Hakikisha si 5L-E, maana pampu yake ni ya umeme. Kabla ya kulipa, iwashe, fungua kifuniko cha oili, kigeuze ukiache juu ya tundu. Kikirukaruka na moshi ukasukuma mfululizo, ringi zimekwisha. Angalia pia mapovu kwenye rejeta.

Usitegemee mbio mlimani: 5L ni cc 2,986 lakini haina tabo. Rejeta isafishwe na themostati iwe mpya siku hiyohiyo ya kufunga, wengi hupuuza hilo na kuua injini iliyokuwa nzima. Namba ya injini nayo ibadilishwe kwenye kadi ya gari.