Laki sita kwa kuanzia, ni haki?

SWALI: Nina shahada ya Historia, nilisoma kwa mkopo. Ofisi moja Dar es Salaam inanipa 600,000 kwa mwezi. Nikubali?

JIBU: Uliza kwanza: ni kabla ya makato au mkononi? Kama ni kabla, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10 ni 60,000. PAYE, yaani kodi ya mapato ya mshahara, hukokotolewa kwenye 540,000 inayobaki: 24,000. HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 90,000. Unabaki na 426,000, na hiyo ndiyo ya kupima kwa nauli na kodi ya chumba. Ulinganishe na wanaofanya kazi hiyohiyo, si waliosoma ulichosoma. Mwajiri akikwepa kuchangia NSSF, hapo hakuna haki hata akiongeza posho.