Mahamri sita ya watoto hayamo kwenye hesabu: wapi pa kutafuta maandishi juu ya kazi za wanawake

SWALI: Asalaam aleikum mwalimu. Nasoma masta ya uchumi hapa Mombasa na nataka thesisi yangu iwe juu ya akina mama wa upande wetu wa Likoni wanaopika mahamri na mbaazi majumbani alfajiri na kuuza mlangoni, mamangu akiwa mmoja wao. Supavaiza ameipenda mada lakini ataka vyanzo vya uchumi wa kifeministi, sio stori za mtaa. Wiki mbili sasa natafuta, nikiandika "women's work Mombasa" napata ripoti za mashirika na picha za vikapu, nikipata makala ya maana naambiwa nilipe dola kwanza. Nianzie wapi? Na ni kweli hakuna aliyeandika juu yetu?

JIBU: Waleikum salaam dadangu. Nianze na hilo la mwisho manake limeniuma. Si kweli. Walioandika wako, na kuna waliokaa hapa hapa Mombasa na bibi zetu wakawarekodi wakizungumza. Tafuta kitabu cha Margaret Strobel, "Muslim Women in Mombasa, 1890–1975", kilitoka 1979, halafu kile alichofanya na Sarah Mirza, "Three Swahili Women", cha 1989, wanawake watatu wa mji huu wakisimulia maisha yao wenyewe, na kile kina toleo lake la Kiswahili, "Wanawake watatu wa Kiswahili", la 1991. Humo utakuta watumwa na mabwana zao, makungwi, lelemama, ndoa, na ukisoma kwa jicho la uchumi utakuta kazi kila ukurasa, nani alipika kwa nani, nani alilipwa na nani hakulipwa. Mimi nafanya kazi ya maktaba mwaka wa kumi na tisa huu, na kila mwaka yuaja mwanafunzi kuniambia juu ya Mombasa hakuna kitu, na kila mwaka tatizo ni lile lile, ni jina. Hizo kazi zimeandikwa sana lakini kila kizazi cha wataalamu kiliziita jina lake, sasa wewe ukitafuta kwa jina moja utapata kijisehemu tu.

Kwa hivyo kabla ya kurudi kwenye kompyuta chukua karatasi uandike majina. Mwaka 1934 Margaret Reid, mchumi mzaliwa wa Kanada, aliandika juu ya uzalishaji wa nyumbani, "household production", na akatoa kipimo ambacho mpaka leo chatumika: kama jambo unalolifanya ungeweza kumlipa mtu mwengine akufanyie, basi hiyo ni kazi. Kumlipa mtu akukandie unga yawezekana, kumlipa akulie hayo mahamri haiwezekani, hapo umeshajua mpaka uko wapi. 1965 mchumi Gary Becker akaja na "allocation of time", yaani mgawanyo wa muda, na huyu si mfeministi kabisa, lakini wafeministi wengi wameandika wakimjibu yeye kwa hivyo usimruke. 1970 Ester Boserup wa Denmark akatoa "Woman's Role in Economic Development", kutoka hapo maneno yakawa "women in development", baadaye yakawa "gender and development". 1972 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa ripoti juu ya ajira hapa hapa Kenya, na hiyo ndiyo iliyolipeleka neno "informal sector" duniani kote, yaani jua kali yetu ndiyo iliyowafunza. Tangu hapo mama wa mahamri anaweza kuwa "informal trader", "street vendor", "own-account worker", "home-based worker", na akiwa yuapikia watoto wake anageuka "unpaid care work". Mama ni yule yule na jiko ni lile lile! Ukitafuta, weka kila jina ndani ya alama za kunukuu kisha uyaunganishe kwa OR, halafu Kenya au Mombasa au "Swahili" kwa AND, na ubadilishe tahajia pia, manake kuna anayeandika mahamri, kuna mahambri, kuna mandazi, na wageni wengi wameandika "doughnuts" tu wakaondoka zao.

Wachumi wana kitu kingine ambacho wanafunzi hawaambiwi sijui kwa nini. Makala nyingi za uchumi zina namba za JEL, herufi moja na tarakimu mbili, zaonyesha makala ni ya fani gani hata kama kichwa chake hakisemi. B54 ni uchumi wa kifeministi wenyewe, J16 ni uchumi wa jinsia, D13 ni uzalishaji na mgawanyo ndani ya nyumba, J22 ni muda na nguvu kazi, J46 ni soko la kazi lisilo rasmi. Ingia IDEAS, saiti ya kutafutia makala za uchumi, ambayo ni ya mradi uitwao RePEc na ni bure, fungua orodha ya JEL uende B54 uanze kusoma vichwa vya makala. Lisaa limoja la hapo lashinda zile wiki mbili zako. EconLit, orodha nyingine ya makala za uchumi, yatumia namba hizo hizo, hiyo ni ya kulipia, lakini uliza maktaba ya chuo chenu kama wanayo, vyuo vyetu vingi hununua majarida kwa pamoja kupitia umoja wa maktaba uitwao KLISC na wanafunzi wenyewe hata hawajui wana haki ya kusoma.

Jarida la kushika kwanza ni "Feminist Economics", lilianza 1995, ni la IAFFE, chama cha kimataifa cha uchumi wa kifeministi kilichoundwa 1992. Kwa upande wetu wa Afrika angalia "Feminist Africa" ambalo ni bure kusoma, na AJOL ambako majarida ya Afrika yamekusanywa pamoja. Majina ya kufuata: Diane Elson, Nancy Folbre, Naila Kabeer, Lourdes Benería, Dzodzi Tsikata wa Ghana, Marjorie Mbilinyi kwa jirani zetu Tanzania. Kwa biashara ndogo ndogo soma Claire Robertson juu ya wanawake wachuuzi wa Nairobi na viunga vyake, "Trouble Showed the Way", 1997. Nairobi si Mombasa najua, lakini njia aliyotumia itakufaa.

Sasa hii fanya leo leo. Fungua Google Scholar, mtafute Boserup na kile kitabu cha 1970. Chini yake pana idadi ya waliomnukuu, ni maelfu, usiogope, bonyeza. Juu patatokea kisanduku cha kutafuta ndani ya hao waliomnukuu peke yao, kitie tiki kisha andika Kenya na "food vendors". Yale maelfu yatapungua yawe kiasi cha kusomeka jioni moja. Ukipata makala moja iliyo karibu na yako, ruka moja kwa moja mwisho wake kwenye orodha ya vitabu, hiyo ni kurudi nyuma, halafu bonyeza walioinukuu hiyo, hapo ni kwenda mbele. Majina ukiona yameanza kujirudia rudia basi umefika katikati ya mazungumzo yao.

Za kulipia usilipe tafadhali. Jaribu hivi: bonyeza matoleo yote pale Scholar, mara nyingi pana nakala ambayo mwandishi ameiweka kwenye saiti ya chuo chake. Weka Unpaywall kwenye brauza, yenyewe itakutafutia nakala halali ya bure. IDEAS mara nyingi ina toleo la kwanza la makala kabla halijaenda jaridani, lisome hilo, ila ukinukuu namba hakikisha hazikubadilika kwenye toleo la mwisho. Na yote yakishindikana mwandikie mwandishi imeli fupi ya heshima, mistari mitatu, useme wewe ni nani na wataka nini. Wengi hutuma na hufurahi kwamba kuna mtu Likoni awasoma.

Hapa sasa ndipo nataka ukae na mimi kidogo, kwenye takwimu, manake thesisi yako itasimama au kuanguka hapa. Mwaka 2021 KNBS, ofisi ya takwimu ya taifa, ilifanya uchunguzi wa kwanza wa Kenya nzima wa matumizi ya muda, ripoti ikatoka 2023. Wanawake wa miaka 15 kwenda juu walitumia asilimia 18.7 ya muda wao kwenye kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa, wanaume asilimia 3.6. Piga hesabu kwa masaa 24, ni kama masaa manne na nusu kwa mwanamke, na kwa mwanamume hata lisaa halifiki. Namba hizi ziko na ni zetu, zitumie. Data yenyewe ya tafiti nyingi za KNBS yapatikana kwenye hifadhi yao iitwayo KeNADA, wafungua akaunti waeleza waitakia nini, lakini kabla hujagusa jedwali lolote soma dodoso. Soma maswali waliyouliza, walimuuliza nani, na mama akiwa hayupo nani alimjibia. Tafiti za ajira kwa kawaida huuliza siku saba zilizopita ulifanya kazi gani, sasa baba akijibu "huyo yuko nyumbani tu" mamako ametoka kwenye hesabu na karai liko motoni.

Chukua mfano wa beseni moja la unga. Tuseme mamako ameamka saa kumi, amekanda kwa tui na hiliki, yametoka mahamri arubaini na sita. Arubaini ameuza mlangoni, sita wamekula watoto kabla ya kwenda shule. Kwa kanuni za hesabu za taifa za 1993, SNA kwa jina lake, yale arubaini ni uzalishaji, yamo kwenye pato la taifa hata kama hakuna risiti. Yale sita hayamo, manake kupikia watu wako nyumbani wameliacha nje ya mpaka wa kile kinachohesabiwa. Lakini yale maji aliyoenda kuteka kwa mtungi ndiyo akakandia, kuteka maji kumo ndani ya mpaka! Mikono ile ile, beseni lile lile. Mgogoro huu ndio Marilyn Waring wa New Zealand aliuandika 1988 kwenye "If Women Counted", kabla ya kanuni hizo za 1993 kutoka, na kuna mabadiliko makubwa ya 2013 ambapo mkutano wa wanatakwimu wa kazi chini ya ILO ulikubali kwamba kazi ni kazi hata isipolipwa, wakaitenga na ajira, na ajira wakaibakisha kuwa ile ya malipo au faida. Kwa hivyo ukilinganisha takwimu za kabla na baada ya hapo angalia sana, neno laweza kuwa moja na maana zikawa mbili. Hii ndiyo sura yako ya pili dadangu, na beseni unalo nyumbani.

Ripoti za mashirika usizidharau, WIEGO kwa mfano, mtandao wa kimataifa unaofuatilia wanawake wa kazi zisizo rasmi, wamekusanya mengi mazuri juu ya wafanyao kazi majumbani na wachuuzi, na ILO ripoti yao ya 2018 juu ya kazi za malezi ndiyo yenye ile hesabu ya masaa bilioni 16.4 kwa siku duniani, asilimia 76.2 yakifanywa na wanawake. Tatizo la ripoti ni namba zisizo na mwenyewe. Kuna ile maarufu kwamba wanawake hufanya theluthi mbili za kazi ya dunia, hupata asilimia kumi ya kipato na humiliki asilimia moja ya mali, yazunguka tangu mwisho wa miaka ya 1970, na mimi mwenyewe niliwahi kuiweka kwenye kazi yangu nikiwa mwanafunzi. Mwalimu mmoja akaniuliza imetoka jedwali gani. Niliifuata miezi, kila ripoti yanipeleka kwa ripoti nyingine na hesabu yenyewe sikuiona, na watafiti walioichunguza wamesema hivyo hivyo. Kwa hivyo namba yoyote usiyoweza kuifikisha kwenye jedwali na dodoso lake, iache, hata kama yakupendeza.

Ukitoka hapo pita RISSEA, taasisi ya utafiti wa Uswahili hapa Mombasa, na maktaba ya Fort Jesus, uliza kwa mdomo, usitegemee katalogi peke yake, manake mengine wayajua wale wanaokaa na hizo rafu. Thesisi za wenzako waliotangulia zitafute kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vya huku Pwani, hata zile ambazo si nzuri zina orodha nzuri ya vitabu nyuma. Na ile karatasi ya majina msomee mamako, umuulize yeye kazi yake huiita nani na nani na kwa jina gani, tajiri wa duka la unga amwitaje, watu wa kaunti wakija kutafuta leseni wamwandike nani, kwenye upatu wao amejiandikisha kama nani. Majina hayo yaongeze kwenye orodha kisha uyatafute nayo pia. Ukikwama kwenye dodoso niandikie tena, uniambie ni swali namba ngapi.